Mkate Mmoja, Watu Watatu

Katika shule ile mpya, mtu haingii darasani na viatu alivyotoka navyo nje. Mlangoni kuna rafu ndefu yenye vijisanduku, kila mwalimu na chake, na ndani ya kijisanduku kuna raba za kutembelea ndani. Hilo ndilo jambo la kwanza Mwalimu alilojifunza ugenini, na alilijifunza kwa aibu, maana siku ya kwanza aliingia mpaka mbele ya ubao na viatu vyake vya safari, darasa zima likimtazama miguuni. Mgeni ni kuku mweupe, hata akinyamaza anaonekana. Lakini baada ya wiki chache alikuwa kishazoea. Anavua, anavaa, anagonga vidole chini ili raba zikae sawa, anaingia.

Asubuhi hiyo alikuwa amechora duara ubaoni na kuligawa mara nne, na sasa alikuwa akilitafuta neno la "robo" kwa lugha ya wenyeji, lugha ambayo bado ilimponyoka mdomoni. Hapo mtu akabisha hodi kutoka ndani ya kabati la ramani, lile kabati kubwa lililosimama nyuma ya darasa.

"Karibu," alisema Mwalimu kwa mazoea, akiendelea kulitafuta neno.

Mlango wa kabati ukafunguka, akatoka Kiranja. Huyu alikuwa kiranja wa darasa lake la nyumbani, binti mwenye sauti ya king'ora, na alikuwa amekumbatia madaftari kifuani. Nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, kwa mstari kama Mwalimu alivyowazoesha mwenyewe, wafupi mbele, warefu nyuma, hakuna kusukumana. Vumbi la kwao lilikuwa bado miguuni.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kiranja. "Tunaomba radhi kwa kuchelewa."

"Marahaba. Nani kawapa ruhusa ya kuja huku?"

"Si wewe, Mwalimu? Ulisema kesho tutaendelea pale tulipoishia. Tukaisubiri hiyo kesho, wapi! Tukaona heri tuifuate."

Ni kweli alisema hivyo. Siku yake ya mwisho kule nyumbani alikuwa katikati ya mada ya sehemu, na ubaoni ameandika hesabu ya mkate mmoja kwa watu watatu, kengele ikalia. Alikuwa amepanga kuwaaga. Alikuwa hata ameyaandaa maneno, maneno mazuri tu. Alipofungua mdomo akawaona wote wamenyanyua nyuso, na mwanawe wa kumzaa ameketi dawati la tatu dirishani, ulimi ukakataa. Akasema, "Haya, kesho tutaendelea pale tulipoishia," akatoka. Alfajiri alikuwa uwanja wa ndege.

"Kaeni basi," alisema sasa. "Msiwabane wenzenu."

Watoto wa pale wakasogea. Mmoja akampa mgeni nusu ya kiti na nusu ya kifutio, mwingine akahamisha begi lake lisije likakaliwa. Wageni hawakujua lugha ya wenyeji, wenyeji hawakujua ya wageni, lakini duara lilikuwa limegawanywa mara nne na kila mtu aliliona. Somo likaendelea. Mwalimu aliwapitia kwa macho, safu kwa safu, akiwa na kipande cha chaki mkononi. Walikuwepo wote. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu, binti yake, yule ambaye tangu utotoni walimwita Pilipili kwa sababu alikuwa mdogo na mkali.

"Pilipili yuko wapi?" aliuliza, akijitahidi kuuliza kama mwalimu, si kama mama.

"Amebaki darasani kule," alisema Kiranja. "Anasema yeye hafuati mtu."

Kengele ilipolia, wageni wakasimama, wakajipanga, wakarudi kabatini. Wa mwisho akaufunga mlango taratibu ili ramani zisianguke.

Mkuu wa Shule, mama mmoja mrefu anayetembea na kalamu sikioni, alipata habari kabla ya chai ya saa nne. Alimwita Mwalimu ofisini. Mwalimu alikwenda haraka, maana mkataba wake ulikuwa bado wa majaribio. Mwisho wa muhula Mkuu angekuja kukaa nyuma ya darasa, kutazama somo zima, kisha aseme kama mgeni huyu anabaki au anarudi alikotoka.

"Nimesikia una wanafunzi wa ziada," alisema Mkuu.

"Ndiyo, Mkuu."

"Wana raba za ndani?"

"Hawana."

Mkuu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akamwita Mzee wa Funguo, mtunza majengo, akamwambia apekue kapu la vitu vilivyosahauliwa. Mzee akarudi na rundo la soksi, kila moja imepotezana na mwenzake. Tatizo la pili lilikuwa idadi. Kanuni za shule zilitaja idadi ya watoto wanaoruhusiwa kuingia darasani kwa mlango, na Mkuu hakuwa mtu wa kuchezea kanuni. Alifikiri, akagonga kalamu mezani. Hatimaye akaona kwamba hawa hawaingii kwa mlango, wanatoka kabatini, na kinachotoka kabatini ni kifaa cha kufundishia. Kwa hiyo wakahesabiwa pamoja na ramani na tufe la dunia, na hapakuwa na neno tena.

Siku zikaenda, na Mwalimu akaanza kuyazoea maisha. Alipanga chumba juu ya duka la kinyozi, chumba chenye dirisha moja na jiko la kuwasha kwa kiberiti. Alijua sasa ni upande gani wa barabara wa kusubiria basi. Alijua kwamba kinyozi husalimiwa kwanza ndipo naye asalimie, na kwamba koti la pale huanza kuvaliwa kabla baridi haijafika, kwa sababu ikishafika umechelewa. Asubuhi aliweza kununua mkate bila kunyoosha kidole. Siku muuza mkate alipomtania kwamba anasema "mkate" kama mtu aliyeula tayari, alicheka mpaka akasahau chenji, akarudi kuichukua, wakacheka tena.

Jioni alipiga simu nyumbani. Mama yake ndiye aliyepokea siku zote.

"Mama, shikamoo. Niitie mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa pembeni yangu." Halafu kukawa na mnong'ono. "Anasema mwambie hayupo."

"Mwambie mimi namsikia anavyopumua."

Mnong'ono tena. "Anasema hayo ni mapafu tu, mwenyewe hayupo."

"Haya, Mama. Msalimie akirudi."

Alikata simu akakaa kitandani na koti lake, hajalivua. Pilipili hii ilimwasha, na dawa yake hakuijua. Jambo moja tu alilitaka duniani, kwamba siku moja kabati lifunguke na mwanawe atoke humo. Akinuna, na anune. Mradi atoke.

Ndiyo maana aliogopa sana siku ulimi ulipomteleza. Ilikuwa mwisho wa kipindi, amechoka, akazifuta hesabu za sehemu ubaoni akasema, "Basi, tumemaliza." Kesho yake kabati halikubishwa hodi. Akauvuta mlango, umekaza. Mzee wa Funguo akaja na funguo zake zote, akajaribu mmoja baada ya mwingine, akajaribu na ufunguo wa banda la baiskeli, akasema kabati hili halijafungwa, limekataa tu. Mwalimu akainama kwenye tundu la ufunguo, akasema kwa sauti, "Hatujamaliza. Tutaendelea." Kitasa kikalia, Kiranja akachungulia.

"Afadhali, Mwalimu," alisema. "Tulishaanza kukunja madaftari."

Tangu siku hiyo mada ya sehemu haikuisha. Mwalimu aliigawa robo, akaigawa nusu ya robo, akaigawa na hiyo iliyobaki. Watoto wa pale walizijua sehemu kuliko watoto wote wa mji ule. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwa Mkuu kwamba mwanawe ameukata mkate wa familia kwa haki kamili mpaka ikabidi waule kwa kijiko. Mkuu alimwambia Mwalimu, kwa upole, kwamba siku ya kutazamwa angetaka kuona mada imefungwa na nyingine imefunguliwa. Mwalimu asiyeweza kufunga mada, alisema, hawezi kuthibitishwa kazini. Mwalimu alijibu sawa, akatoka nje, akasahau kubadili raba.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, kabati lilibishwa hodi kwa nguvu kuliko kawaida, na aliyetokeza hakuwa mtoto. Alikuwa Afisa Elimu wa kule nyumbani. Kwanza kilitoka kitambi chake, kikakwama. Mzee wa Funguo akamshika mkono mmoja, Kiranja akamsukuma kwa nyuma, akachomoka na ramani moja ya mito shingoni.

"Usisimame, Mwalimu, endelea na kazi," alisema Afisa akijipangusa. "Nimekuja kukagua. Nimeambiwa watoto wangu wanasoma."

Alikaa nyuma, akavalishwa soksi mbili zisizofanana, akasikiliza somo lote kwa furaha. Kipindi kilipokwisha akampa Mwalimu mkono.

"Umenipunguzia mzigo. Ile nafasi yako nimeifunga leo hii."

"Umeifunga? Lakini, mheshimiwa, pale hakuna mwalimu. Mimi niliomba mlete mwingine."

"Wa nini? Watoto wanafundishwa, nimewaona kwa macho yangu."

"Mimi nimeshaacha kazi kule."

"Umeacha mshahara, Mwalimu," alisema Afisa bila ubaya wowote. "Kazi hujaiacha. Na kama utaweza, darasa la tano nao hawana mtu. Kabati linafunguka upande mmoja tu au pande zote mbili?"

Wakamsukuma arudi. Safari hii kilitangulia kisogo, na ilikuwa rahisi kidogo.

Siku ya kutazamwa ikafika. Mkuu wa Shule alikaa nyuma, karibu na kabati, daftari gotini, kalamu ameitoa sikioni. Wenyeji walikuwa wamechana nywele. Kabati likabishwa hodi, wakatoka wageni na soksi zao, wafupi mbele, warefu nyuma. Kiranja akaushika mlango.

"Kuna mmoja zaidi leo," alisema.

Akatoka Pilipili. Alikuwa amerefuka. Sketi iliyokuwa ikimfunika magoti sasa ilikuwa juu yake, na nywele alikuwa amezisuka mwenyewe, mstari wa katikati umekwenda upande. Mwalimu aliuona mstari ule uliopinda, akashika ukingo wa ubao. Alitaka kuruka madawati yote. Lakini kilikuwa kipindi, na Mkuu alikuwa anaandika.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Pilipili.

Si Mama. Mwalimu.

"Marahaba," alisema Mwalimu. "Karibu. Ulikuwa wapi siku zote?"

"Darasani kule. Nilikuwa nasubiri mwalimu mpya. Nilisema akija mwalimu mpya, basi, nitajua moja. Jana Afisa alikuja kutuambia haji." Alibadilisha begi kutoka bega hadi bega. "Sasa nimebaki peke yangu na ubao. Mkate wako bado uko pale, hakuna aliyeufuta."

"Kaa, tuanze."

"Nina swali kwanza."

Mkuu akainua kichwa. Katika shule ile, mwanafunzi mwenye swali ni jambo la kuandikwa, akaliandika.

"Uliza."

"Siku ile uliposema kesho tutaendelea, ulijua hutakuwepo?"

Mwalimu aliiweka chaki chini. "Nilijua."

"Begi lilikuwa chini ya kitanda chako, limeshafungwa. Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Hapo Mwalimu machozi yakamtoka, waziwazi, mbele ya Mkuu na mkataba wake. Hakujificha. Akaligeukia darasa la nyumbani akasema kwamba siku ile aliwadanganya, kwamba aliondoka kwa sababu mshahara wa kule ulikuwa unakuja ukijisikia na paa la mama yake lilikuwa linavuja, na kwamba hakuwaaga kwa sababu aliwapenda na akawa mwoga. Akasema anaomba radhi. Wenyeji hawakuelewa neno hata moja, lakini mmoja wao alimpelekea kitambaa.

Kiranja akasimama kwa niaba ya wote. "Mwalimu, sisi tulijua. Pilipili alituambia asubuhi ileile, hata kabla ya kengele."

"Mlijua? Sasa mlinifuata kwa nini?"

"Ahadi ni deni, Mwalimu. Tukasema twende tukamwone ataendelea vipi."

Darasa zima la kule likacheka, na la huku likacheka kwa kuwasindikiza. Mwalimu naye akacheka, pua imejaa. Kisha akafanya alichokuwa akikikimbia muhula mzima. Alipanguza uso, akachukua dasta, akaufuta ubao kuanzia juu mpaka chini. Hakutaka kumshikilia mtoto kwa uongo ule hata siku moja zaidi.

"Sehemu tumemaliza," alisema. "Zimekwisha."

Nyuma, kitasa cha kabati kikalia. Wageni wakaanza kukunja madaftari, polepole, kwa adabu. Mwalimu aliwatazama, hakusema tutaendelea. Mkuu alikuwa ameacha kuandika.

Pilipili peke yake hakukunja kitu. "Na ule mkate?" aliuliza.

"Mkate gani?"

"Mmoja, kwa watu watatu. Mimi na wewe na Bibi. Sehemu zimekwisha, sawa, lakini huu haujagawanywa. Mada inayofuata ni ipi?"

"Desimali," alisema Mwalimu.

"Basi tuugawe kwa desimali."

Alipita katikati ya madawati, akaichukua ile chaki aliyoiweka mama yake, akaandika moja, akaigawa kwa tatu. "Tatu haiingii kwenye moja," alisema kwa sauti ya darasani. "Naweka sifuri, naweka nukta. Kumi kwa tatu ni tatu. Inabaki moja." Akaandika tatu. "Kumi kwa tatu ni tatu. Inabaki moja." Akaandika tatu nyingine. Darasa la kule likamfuatisha, halafu na la huku, kila mtu kwa lugha yake. Madaftari yakakunjuliwa tena. Tatu zikafika mwisho wa ubao, zikahamia ukutani, zikapita chini ya saa, zikapita juu ya rafu ya vitabu. Mzee wa Funguo, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alileta ngazi bila kuulizwa.

Kengele ililia. Pilipili hakuwa amemaliza. Mkuu wa Shule alisimama, akazifuata tatu kwa macho kutoka mwanzo mpaka pale zilipofika, akasema hajui kanuni inayomkataza mwanafunzi kumaliza hesabu yake. Kisha akampa Mwalimu mkono. Mada imefungwa vizuri, alisema, na hii mpya anaona imeanza kwa nguvu. Muhula ujao angempa chumba cha juu, ambacho kabati lake ni kubwa zaidi.

Pilipili alikuwa ameshafika kwenye mlango wa kabati, anaandika juu ya mbao. Mwalimu alimfuata. Kwa pindo la mkono wa blauzi alimfuta chaki puani, kisha akazishika zile nywele akauelekeza mstari katikati, ukakaa kwa muda, ukarudi upande.

"Kesho?" aliuliza Pilipili.

"Kesho nitakuwa hapa," alisema Mwalimu. "Nyumbani sitakuwepo. Mpaka likizo."

Mtoto aliyapima maneno hayo, akayaona yana uzito wa kweli. "Haya, Mama," alisema. "Inabaki moja." Akaandika tatu nyingine upande wa ndani wa mlango, akaingia.

Jioni hiyo simu ilipokelewa na Pilipili mwenyewe, akaeleza kwamba yupo ila hana muda mrefu, mkono unamuuma.

Mambo yametulia sasa. Mwalimu ana kijisanduku chenye jina lake kwenye rafu ya viatu, na kinyozi siku hizi humsalimia yeye kwanza. Darasa la tano nao wanakuja, siku za Jumanne na Alhamisi. Kule nyumbani nafasi haijafunguliwa. Afisa Elimu aliwaeleza wakubwa wake kwamba upungufu wa walimu katika eneo lake umekwisha, wakampigia makofi, na amewaomba walimu wengine waliosafiri nao wachunguze makabati ya huko waliko.

Na kila siku, kengele ikishalia, Pilipili huja kwenye kabati na chaki yake. Tatu zimekwishatoka kwa upande wa pili, zimelipita darasa tupu lenye ubao ambao haujafutwa, zimefuata njia ya kwenda nyumbani, na Bibi anasema juzi ameziona ukutani juu ya kitanda. Mwalimu humshikia mlango mpaka amalize ya siku hiyo.

"Kumi kwa tatu ni tatu," husema mtoto akiingia gizani kati ya ramani.

"Inabaki ngapi?" huuliza Mwalimu.

"Inabaki moja, Mama."